Msiipeleke Mbele Sehemu ya Mijeledi

Nimevumilia maneno mengi kuhusu The Passion of the Christ, filamu ya Mel Gibson ya mateso ya Yesu, lakini la Ijumaa Kuu iliyopita, kama si ile ya kabla yake, limenishinda. Aliyeshika rimoti alipofika kwenye mijeledi aliipeleka mbele mpaka kwenye taji la miiba. Filamu ilipoisha, huyohuyo akasimama kutuambia kwamba haina ujumbe, ni damu tu. Ujumbe ameuruka yeye!

Tuhesabu alichokiruka. Askari wanaanza na fimbo. Yesu anaanguka, kisha anainuka mwenyewe na kusimama tena, na hapo ndipo wanapochukua mjeledi wenye vipande vya chuma. Mmoja anaujaribu juu ya meza, unang'ata mbao. Wanaendelea kuhesabu kwa Kilatini kama watu walio kazini. Yesu, shavu likiwa sakafuni, anaona miguu ya askari, na palepale tunarudishwa kwenye karamu ya mwisho, anapowaosha wanafunzi miguu. Ukiondoa mijeledi, umeondoa na karai la maji. Unaondoka pia mkono wa Claudia, mke wa Pilato, anayemletea Maria vitambaa vyeupe, na Maria akipiga magoti kuifuta damu ya mwanawe kwenye mawe. Magdalena naye akiifuta, anakumbuka siku alipookolewa asipigwe mawe. Mambo matatu yamekwenda kwa kidole kimoja.

Halafu kuna hoja ya kwamba "hayamo kwenye Biblia." Ni kweli, Yohana 19:1 inaimaliza mijeledi kwa sentensi moja. Lakini Mel Gibson hakutumia Injili peke yake. Mpangilio wa filamu ni matendo matano ya uchungu ya rozari, sala ya Wakatoliki: Getsemane, mijeledi, taji, kubeba msalaba, kufa. Njiani kuna Veronika, yule mwanamke anayempa Yesu kitambaa cha kufuta uso, na kuanguka kwa Yesu, mambo ambayo kila anayesali Njia ya Msalaba anayajua bila kitabu. Vitambaa vya Claudia vimetoka katika maono ya Anna Katharina Emmerich, mtawa wa Ujerumani. Unaweza kuyakataa maono hayo, ni haki yako. Usiseme tu kwamba mtengenezaji amejitungia.

Wapo wenye hoja nzito, na hao siwezi kuwafokea. Wayahudi wengi waliumia filamu ilipotoka mwaka 2004, kwa sababu kwa karne nyingi michezo ya Mateso, yaani maigizo ya kifo cha Yesu, ilitumika kuchochea chuki dhidi yao. Yale maneno ya Mathayo 27:25, "damu yake iwe juu yetu na juu ya watoto wetu," yaliondolewa kwenye maandishi ya chini, ila sauti ya Kiaramu ikabaki. Hilo ni kosa. Kama yaliondolewa kwa nia njema, yangeondolewa yote. Pilato naye amepakwa upole kupita kiasi, na Kilatini chake na Yesu kinasikika vizuri lakini kwa mashariki ya dola ile Kigiriki kingefaa zaidi. Na kunguru anayemdonoa jicho yule mwizi hana kazi yoyote pale.

Kwa hiyo nilitaka kuipa nyota tatu. Hata mijeledi yenyewe, pale wanapomgeuza kifudifudi awe chali ili wapige na mbele, nilifikiri imevuka mpaka. Lakini afisa anaingia akiwakaripia kwamba waliagizwa kuadhibu, si kuua, na ndipo unapoelewa kwa nini ilirefushwa: hakuna aliyeamuru kiasi kile. Wanaume wa kawaida waliachiwa mtu, wakanogewa. Hilo halielezeki kwa sekunde kumi. Nyota tano, basi, na kunguru wao wakae naye.

Kama mna watoto, msiwaonyeshe kabisa. Kama damu inawashinda watu wazima, lipo toleo la mwaka 2005 lililopunguzwa dakika chache za ukatili na mtengenezaji mwenyewe, aliyejua wapi pa kukata. Sikilizeni kwa sauti ya asili, someni maandishi, na msizime kabla ya sanda kutulia tupu kaburini, kwa maana ufufuko umepewa kama dakika moja tu.

Na Ijumaa Kuu ijayo, rimoti ishikwe na mtu mwingine.