Unataka TV ya pili? Spilita gani ununue, na wakati gani usinunue kabisa

Jamani watu wengi hapa Lamu wakitaka TV ya pili chumbani wanakimbilia dukani kuitisha spilita, kile kidude cha kugawa waya mmoja wa TV kuwa miwili au zaidi, kabla hawajajua hata mawimbi yao yanatoka wapi, na muuzaji naye anakupa ile iliyo mbele yake, basi. Kabla hujatoa pesa jibu swali moja tu: unashika kwa antena au kwa dishi? Waya ukiutazama ni ule ule lakini kazi inayofanyika ndani si moja. Antena ya dijitali inashusha UHF, yaani mawimbi ya TV za minara, kuanzia 470 MHz hadi 694, na haidai kitu kutoka kwako. Dishi ni habari nyingine, LNB, yaani kile kichwa cha dishi, inashusha 950 hadi 2150 MHz halafu dekoda nayo inapandisha umeme kwa waya huo huo, volti 13 ikitaka mawimbi ya wima, 18 ikitaka ya mlalo, na juu yake ishara ya 22 kHz ya kubadilisha bendi, yaani fungu la mawimbi. Shika hapo kwenye volti manake ndipo pesa za watu zinapozama.

Na kingine, spilita haifanyi dekoda moja kuwa mbili. Baba anataka mpira, watoto wanataka katuni, hapo ni dekoda mbili. Antena ndio ina unafuu, TV yenye DVB-T2, yaani kipokezi cha dijitali, ndani inashika chaneli za bure yenyewe.

Sa nikipanga kwa ubora, kwa mwenye dishi namba moja si spilita. Ni LNB ya matundu mawili, au manne kama nyumba ni kubwa. Unabadilisha kichwa cha dishi tu, dishi inabaki pale pale, kila tundu lina waya wake hadi kwa dekoda yake, hakuna anayemwingilia mwenzake. Waya utakula mwingi zaidi, ndio, lakini ukishafunga umefunga. Uliza kwanza dekoda yako inataka LNB ya aina gani, kuna dekoda za kurekodi zinazotaka LNB yake maalum.

Namba mbili ni daiplexa, na hii naona watu wa nyumba za kale za mawe wanaidharau bure. Inaunganisha antena na dishi kwenye waya mmoja kule juu, alafu nyingine chini inavitenganisha tena, kwa hivyo nunua mbili na hakikisha upande wa dishi unapitisha umeme. Faida yake ni tundu moja la ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa si wa kuchezea, ni mnene na unamomonyoka, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, yaani kabla hujaleta drili kaulize kwanza watu wa uhifadhi. Mara nyingi hata huhitaji kutoboa, pitisha pembeni ya boriti au kwenye dirisha la uani.

Namba tatu, spilita ya kawaida kwa mwenye antena. Hii ni rahisi, inafanya kazi, sina ugomvi nayo, ila nunua ya idadi ya vyumba ulivyo navyo na si ya siku moja utakapojenga ghorofa. Ya matundu mawili inakata nguvu ya mawimbi kama dB 3.5 (dB ndio kipimo chake) kwa kila tundu, ya manne kama 7, ya manane inafika 11. Sa mtu ana TV mbili ananunua ya manane ati ni akiba, alafu analalamika picha inagandaganda. Tundu likibaki wazi lifunge na kofia ya ohm 75.

Mwenye gesti ya vyumba vingi huyo aende moja kwa moja kwa maltiswichi, kisanduku kinachogawia dekoda nyingi mawimbi ya dishi. Bei iko juu na inataka umeme wake, lakini kila chumba kinachagua chaneli chake bila vita. Hapa soma sanduku vizuri sana: maltiswichi nyingi zinataka LNB iliyoandikwa Quattro, sio Quad. Zote zina matundu manne na zinafanana kama pacha, lakini Quad ni ya kwenda kwa dekoda nne, Quattro inatoa bendi nne zilizotenganishwa na ni ya maltiswichi tu.

Chini kabisa, spilita ya dishi, ile imeandikwa 5-2400 MHz. Inauzwa sana kwa sababu ni rahisi na fundi anamaliza kazi haraka. Dekoda moja ikiomba volti 18 na nyingine 13, LNB inafuata ile 18, na yule wa 13 chaneli zake zinapotea, na mnaanza kulaumiana sebuleni. Ukilazimika, chukua inayopitisha umeme tundu moja tu na ujue dekoda ya pili inakula makombo. Amplifaya sijaipa namba hata. Mawimbi mabovu ukiyapaza yanabaki mabovu, labda waya wako uwe mrefu sana na mawimbi juu yawe safi, hapo weka karibu na antena sio nyuma ya TV.

Lakini mi nasema pesa nyingi weka kwenye waya na konekta, manake kwetu adui ni chumvi. Chukua waya wa TV ulioandikwa RG6, wa ohm 75, achana na RG59 ile nyembamba. Kwa mawimbi ya dishi RG6 yenyewe inapoteza kama dB 6 kwa mita 20. Nenda dukani na sumaku ndogo, ikinasa waya wa katikati hiyo ni chuma kilichopakwa shaba, kwa antena haina neno lakini kwa dishi ya mbali taka shaba tupu, na isiponasa kwaruza kidogo na kisu, ikitokea nyeupe ni aluminiamu. Ganda la nje liwe jeusi la polithini, ile nyeupe ya ndani jua linaipasua. Konekta za kuzungusha kwa mkono usinunue hata ukipewa bure, za kubana na koleo afadhali, za kushindilia kwa mashine yake ndio zenyewe, tafuta fundi mwenye hiyo mashine. Za nje zizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na acha waya uning'inie kidogo chini ya pale unapoingia ndani maji yadondoke hapo. Fanya hayo kabla ya masika. Spilita isikae juani wala kwenye makuti, iweke ndani mahali unafika bila ngazi.

Kuhusu intaneti sasa. Kampuni ikikuletea intaneti kwa koaksia, yaani waya wa aina hii ya TV, spilita ya kwanza iwe ya matundu mawili, modemu ichukue tundu lake peke yake, TV zote zigawane lile la pili. Antena ya nje ya rauta ya laini ya simu inataka waya wa ohm 50, usiunganishe na RG6 ya TV. Starlink ina waya wake mwenyewe. Wayafai ikigoma kupita ukuta wa mawe kuna adapta za MoCA zinazopitisha intaneti kwenye koaksia, nzuri kwelikweli, lakini zinatumia 1125 hadi 1675 MHz, katikati ya mawimbi ya dishi, kwa hivyo waya wa dishi hauzikubali, zinataka waya wake. Na kama ni kuvuta waya mpya, vuta Cat6, waya wa intaneti, pamoja na RG6 kwenye paipu moja, mbali na nyaya za stima, inakuja rahisi kuliko adapta mbili.