Mirth Connect pale ambapo wewe ndo seva na wewe ndo unatuma data: uzoefu wangu

Wadau, naandika kuhusu Mirth Connect, programu ya kupitisha meseji kati ya mifumo ya afya, ila sitaigusa yote maana ni kubwa, nataka kitu kimoja tu ambacho kinawasumbua wengi wanaounganisha mifumo ya hospitali na maabara, nacho ni kutuma meseji kwenye koneksheni ambayo wewe ndo seva. Yaani sio wewe unayemfuata mwenzio, yeye ndo anakuja kujiunga kwako, alafu data iko kwako na wewe ndo unatakiwa umpe.

Wengi wakisikia seva wanajua ni anayepokea, na klaienti ni anayetuma. TCP, yaani itifaki inayobeba data kwenye koneksheni hizi, haina sheria hiyo. Ni kama simu tu, aliyepiga sio lazima ndo awe muongeaji, laini ikishafunguka kila upande unaweza kusema na kusikiliza. Shida ni kwamba programu nyingi za kuunganisha mifumo zimezoea mpangilio mmoja, wa kupokea anafungua poti na kusubiri, wa kutuma anapewa IP na poti ya kwenda, na hapo ndo mtu anakwama siku akikutana na kifaa kinachotaka kinyume chake.

Mimi nilikutana nacho. Kulikuwa na mashine ya kupima damu, jina naliacha, ambayo walioitengeneza wameamua iwe klaienti siku zote. Kwenye skrini yake unajaza IP ya seva na poti, basi, hakuna kingine cha kuchagua. Ikiwaka inakuja kugonga kwako, inaunganika, inakaa kimya inasubiri uitumie oda za vipimo. Huwezi kuifuata wewe kwa sababu yenyewe haisikilizi poti yoyote, na mwongozo wake unaliongelea hilo kwa sentensi moja tu kana kwamba kila mtu anajua la kufanya.

Zamani kwenye Mirth njia ilikuwa ni kujitengenezea. Unaweka JavaScript Writer, sehemu ya kutuma ambayo msimbo wake unauandika mwenyewe, na kwa kuwa Mirth imeandikwa kwa Java na JavaScript yake inaita madarasa ya Java moja kwa moja, unafungua java.net.ServerSocket kwenye skripti ya kuwasha chaneli (njia ya meseji unayoijenga ndani ya Mirth), soketi, yaani ncha ya koneksheni upande wako, unaihifadhi kwenye globalChannelMap, alafu kila meseji ikifika unaichukua soketi na kuandika baiti zako. Inafanya kazi kabisa. Ila kuna mambo lazima uyajue kabla hujaenda njia hiyo: accept() inasimamisha kila kitu mpaka mtu ajiunge, kwahiyo lazima iwe kwenye thredi yake yenyewe la sivyo chaneli haimalizi kuwaka, na usipofunga ile soketi kwenye skripti ya kuzima basi ukiwasha tena unapata ujumbe kwamba anwani inatumika tayari na unaanza kuhangaika na poti ambayo umeishikilia mwenyewe. Na ukishafanya hivyo umebeba wewe mzigo wote, foleni ya kujua nani kaunganika, kusoma jibu, kujua jibu limechelewa, yote yako.

Matoleo ya miaka ya karibuni TCP Sender, sehemu ya Mirth ya kutuma kwa TCP, imewekewa modi ya seva, unachagua Server badala ya Client, unaweka poti ya kusikiliza na idadi ya juu ya koneksheni, na imeisha. Kwangu mimi hii ndo sababu kubwa ya kuisifia hii programu. Ule msimbo wote wa kushika soketi kwa mkono nikautupa. Ushauri wangu hapo, kama mpokeaji ni mmoja tu weka idadi ya juu ya koneksheni iwe 1, manake modi ya seva haimjui mtu kwa jina, inajua soketi, na hutaki mtu anayejaribu na netcat (kiprogramu cha kujiunga na poti yoyote) kutoka kompyuta yake ajikute ndo kaunganika kwenye poti ya oda za wagonjwa.

Sasa tuje kwenye kile kinachopita kwenye waya, kwa sababu nusu ya matatizo yote niliyoyaona yako hapa. TCP ni mkondo wa baiti, haijui meseji inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukituma meseji moja upande wa pili unaweza kuisoma vipande vitatu, ukituma mbili haraka haraka anaweza kuzisoma zimeshikana. Ndo maana kuna MLLP, ambayo kiukweli ni kitu kidogo sana: baiti 0x0B mwanzoni, meseji yenyewe, alafu 0x1C na 0x0D mwishoni. Oda yangu kwenye waya ilikuwa inaanza hivi:

0x0B MSH|^~\&|LIS|MAABARA|MASHINE|DAMU|20240312101500||ORM^O01|000451|P|2.3.1 0x0D PID|1|| ... 0x1C 0x0D

Angalia hiyo 0x0D baada ya mstari wa MSH. Segimenti (mistari) za HL7, muundo wa meseji zinazotumiana mifumo ya afya, zinatenganishwa na hiyo peke yake, sio 0x0A wala zote mbili. Ukitengeneza meseji yako kwenye kihariri cha maandishi alafu ukaibandika, mara nyingi inaingia 0x0A, na mashine nyingine zinaiona meseji nzima kama segimenti moja ndefu na zinaikataa, au mbaya zaidi zinakaa kimya. Kwenye Mirth ukichagua MLLP hizo baiti za kufungua na kufunga zinawekwa zenyewe, na kama kifaa chako kina alama zake tofauti unaandika mwenyewe kwa heksadesimali. Hii ya kuandika baiti zako mwenyewe imeniokoa, nawashauri muijue. Pia kuna MLLP toleo la 2 ambalo linaongeza baiti za kukiri kupokea, 0x06 kwa ndio na 0x15 kwa hapana, ila sijakutana na vifaa vingi vinavyoitumia.

Haya, sasa jambo lenyewe ambalo ndo limenifanya niandike. KUANDIKA KWENYE SOKETI SIO KUFIKISHA. Programu yako ikiandika baiti na isipate kosa, maana yake ni kwamba mfumo endeshi umezipokea kwenye bafa yake, basi, haijakwambia kama mwenzio yupo. Mashine ikichomolewa umeme ghafla, au kebo ikitoka, soketi upande wako inaendelea kuonekana iko hai, unaandika oda ya kwanza inapita vizuri tu, kosa unaliona baadae sana, na ile oda ya kwanza imepotea.

Ndo kilichotokea. Kati ya seva na maabara kulikuwa na fayawoli inayokata koneksheni zilizokaa kimya, na inakata bila kumwambia mtu yeyote, haitumi hata paketi ya kufunga. Usiku vipimo vinakuwa vichache, koneksheni inakaa kimya muda mrefu, fayawoli inaisahau, asubuhi oda za kwanza zinaandikwa kwenye soketi ambayo haiendi popote. Mhudumu wa maabara anaweka sampuli, mashine inasema haina oda, anaingiza kwa mkono, na kuingiza namba ya mgonjwa kwa mkono asubuhi watu wamejaa ni hatari, sio usumbufu tu. Watu wa mtandao wanasema upande wao uko sawa, wa mashine nao wanasema uko sawa, na ukiangalia kwa amri ya ss, inayoorodhesha koneksheni, kwenye seva koneksheni inaonyesha ESTABLISHED kama kawaida.

Mtu atasema si kuna keepalive ya TCP. Ipo, ila kwenye Linux kwa setingi za kawaida inasubiri sekunde 7200 za ukimya ndo itume paketi ya kwanza ya kuchungulia, yaani masaa 2, alafu inajaribu mara 9 kila baada ya sekunde 75. Fayawoli nyingi zimeshasahau koneksheni kitambo. Unaweza kuishusha na mi naishusha, inasaidia kuifanya laini isionekane imelala, lakini bado haikuhakikishii meseji imesomwa.

Kinachohakikisha ni ACK ya HL7 yenyewe, yaani meseji ya kukiri kupokea. Mashine ikisoma oda inarudisha meseji yenye MSA|AA|000451, ile 000451 ikiwa ni namba ileile iliyokuwa MSH-10 ya oda, yaani namba ya meseji kwenye mstari wa MSH. Kwenye destinesheni ya Mirth (upande wa chaneli unaotuma) kuna kiboksi cha Validate Response, kiwashe, alafu kwenye setingi za aina ya data ya HL7 v2 unaonyesha zipi ni ACK za kukubali (AA na CA), zipi za kosa (AE na CE), zipi za kukataa (AR na CR), na unaiambia pia ilinganishe ile namba. Bila hivyo mashine inaweza kurudisha AE, yaani imepata kosa kwenye oda, na kwenye dashibodi bado unasoma SENT, kwa sababu jibu limekuja na hakuna aliyeambiwa alisome. Na ukiweka Ignore Response kabisa, SENT yako inamaanisha baiti zimeandikwa, hamna zaidi.

Ukishawasha hiyo unaongeza foleni ya destinesheni, meseji isipopata jibu inabaki QUEUED na inajaribiwa tena, kwa kawaida kila milisekunde 10000. Jaribio la lazima kabla ya kumkabidhi mtu mfumo: zima kifaa cha upande wa pili, tuma oda moja, angalia dashibodi inasemaje, alafu kiwashe uone kama imefika bila mtu kugusa kitu. Baada ya kuwasha uhakiki wa jibu pamoja na foleni, ile asubuhi ya maabara ikabadilika, fayawoli inaendelea kukata lakini oda isiyojibiwa inasubiri, mashine inajiunga upya, oda inaingia.

Ila foleni ina gharama yake na hili watu hawalisemi. Meseji inaweza kuwa imefika kabisa, ACK ndo imepotea njiani. Wewe huku umeona muda umeisha, unatuma tena, mashine inapata oda ileile mara mbili. Hakuna setingi ya kuiondoa hii, ni hali ya mtandao ilivyo, unachagua kati ya kupoteza na kurudia, na kwenye oda za mgonjwa mi nachagua kurudia. Kwahiyo MSH-10 isibadilike wakati wa kutuma tena, na muulize aliyetengeneza kifaa kama kinaitambua namba iliyojirudia. Wengine wanaitambua, wengine wanafungua oda mpya, na ukijua mapema unapanga. Pia acha Rotate Queue imezimwa kama mpangilio una maana, kwa sababu ukiiwasha meseji iliyoshindwa inarudi nyuma ya foleni na oda ya kufuta inaweza kuitangulia oda yenyewe.

Kuna kifaa kingine aina yake tofauti, hakisubiri utume, kinasoma msimbo-pau wa sampuli alafu kinauliza "huyu ana vipimo gani" na kinataka jibu kwenye soketi ileile. Hapo usitumie TCP Sender, ni ya TCP Listener, sehemu ya Mirth ya kupokea. Kwenye setingi za chanzo kuna sehemu ya Response, usiache itengeneze jibu lenyewe kabla ya kuchakata, chagua jibu litoke kwenye destinesheni inayotafuta oda kwenye hifadhidata, na foleni ya chanzo izimwe manake ikiwa imewashwa jibu linatoka kabla kazi haijafanyika. Ukifuata hivyo jibu linarudi kwa aliyeuliza bila shida. Kinachokosekana ni kifaa kinachotaka vyote kwa pamoja, kitume matokeo wakati wowote na wewe utume oda wakati wowote kwenye soketi moja. Listener na Sender kila mmoja ana soketi yake, hazichangii, kwahiyo kwa vifaa hivyo bado unarudi kwenye JavaScript na ServerSocket ya mkono, au unaandika kiprogramu kidogo cha katikati.

Usalama kwa kifupi: MLLP haina usimbaji wowote, jina la mgonjwa linasomeka kwa yeyote mwenye Wireshark kwenye njia. TLS ya ndani ni nyongeza ya kulipia, kama huna pitisha kwenye VPN au stunnel. Na usiifungue poti kwa dunia nzima, funga isikilize anwani ya ndani tu.

La mwisho ni leseni maana litakugusa. Mirth ilianza kama programu huria 2006, kampuni yake ikanunuliwa 2013, na Machi 2025 kuanzia toleo la 4.6 imekuwa ya kulipia tu. Toleo la mwisho la huria ni 4.5.2, na kutoka humo watu wameanzisha Open Integration Engine ambayo inaendelea kuwa huria. Hiyo modi ya seva kwenye TCP Sender iko ndani ya 4.5.2, kwahiyo yote niliyoandika hapa unaweza kuyafanya bila kulipa. Anayeanza mradi mpya leo ningemwambia aanze na Open Integration Engine, achukue simyuleta yoyote ya MLLP aifanye klaienti, aikate waya katikati ya meseji mara kadhaa kabla hajaigusa mashine yenyewe.