K98k ya Israeli iliyogeuzwa 7.62: chukua, ila kapimishe chemba kwanza

Niseme mapema kwa wasiokuwa na muda: kwenye hizi bunduki za jeshi za zamani zilizobadilishwa kaliba, Mauser K98k ya Israeli ya 7.62x51 (7.62 ni upana wa tundu la mtutu, 51 ni urefu wa ganda, kwa milimita) ndo naiweka juu ya zote nilizowahi kushika. Sio kwamba ni nzuri kuangalia, kitako kimechubuka vibaya na mtu ameichoma namba 7.62 kwenye mbao kama anapiga chapa ng'ombe. Naipenda kwa sababu walioigeuza waliing'oa mtutu mzima wakafunga mwingine, hawakuhangaika na viraka.

Historia yake fupi tu. Ujerumani iliipokea K98k mwaka 1935, risasi yake 7.92x57, wengi wanaiita 8mm. Baada ya vita Israeli ikazipata nyingi kutoka Czechoslovakia, halafu miaka ya 1950 jeshi lao lilipohamia bunduki mpya ya FN FAL ya 7.62x51 wakaona kuna haja gani ya kubeba risasi za aina mbili, zikapelekwa karakana. Yangu risiva (kile chuma cha kati kinachoshika mtutu) inasoma byf 43, maana yake ilitoka kiwanda cha Mauser kule Oberndorf mwaka 1943, alama za ukaguzi za Wanazi bado zipo na sentimita chache pembeni kuna nyota ya Daudi. Chuma kimoja, aisee. Kuna watu wananunua kwa ajili ya hizo alama tu na wala siwalaumu.

Sasa kwa nini Mauser inakubali hii kazi kirahisi wakati nyingine zinagoma? Angalia nyuma ya ganda la risasi. 8mm na 7.62x51 zina kipenyo kilekile nyuma, karibu milimita 12, kwa hiyo uso wa bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya risasi, hauguswi na ile kucha ya kuvuta ganda inabaki ileile. Hata klipu za chuma za kupakia risasi tano za 8mm zinashika 7.62 bila shida, nimejaribu mwenyewe, zinaingia vizuri kabisa. Tofauti iko mbele: risasi ya 8mm ina upana wa milimita 8.2 hivi na ya 7.62 ni kama 7.8, sasa huwezi kuipitisha nyembamba kwenye mtutu mpana ukategemea ilenge kitu, lazima mtutu mpya, na ganda nalo ni fupi kwa milimita 6 kwa hiyo magazini inabaki na nafasi ambayo haina kazi. Hiyo nafasi ndo wengi wanailalamikia. Kwangu ukivuta bolti kwa nguvu kama ilivyokusudiwa inalisha zote tano, ukiivuta taratibu kama unaogopa kuiumiza, risasi ya juu inanyanyua pua na kukwama, basi usiivute taratibu.

Linganisha na bunduki za Garand za jeshi la wanamaji la Marekani. Miaka ya 1960 walitaka zile za .30-06 (risasi ya zamani ya jeshi la Marekani) zipige 7.62x51, ndo hiyo 7.62 NATO, na hapo upana wa risasi ni uleule, tofauti ni urefu wa ganda tu, 63 dhidi ya 51, kwa hiyo wakaanza kwa kuweka kipande cha chuma ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kuifupisha. Kwenye karatasi safi sana. Shida ni kwamba kile kipande wakati mwingine kilichomoka na kutoka pamoja na ganda, bunduki inarudi .30-06 katikati ya kupiga na wewe hujui! Baadaye wakahamia kwenye mitutu mipya. Ndo maana mtu akiniambia "imegeuzwa" swali langu la kwanza ni moja tu, mtutu mpya au kizibo?

Lee-Enfield ya Waingereza nayo ni kesi nyingine, risasi yake ya .303 ina ukingo nyuma ya ganda, kwa hiyo ukienda 7.62 unagusa na kucha na magazini. Na ile Ishapore 2A1 ya India ambayo watu wanaiuza kama "ya .303 iliyogeuzwa" haikugeuzwa, ilitengenezwa mpya kwa 7.62 na chuma chake kiliboreshwa. Mauser za Kihispania za 1916 sizitaki, bolti haina lile gego la tatu la usalama (jino la akiba la kuishikilia bolti) ambalo M98, mfumo wa hii K98k, inalo; FR8, nyingine ya Kihispania iliyojengwa juu ya M43, angalau ni mfumo wa M98.

Halafu kuna mtego wa Norway. Baada ya vita walibaki na K98k za Wajerumani wakazigeuza kwenda .30-06, na kwenye mtutu wakapiga muhuri KAL. 7.62 m/m. Soma tena. Mtu anaona 7.62 anadhani ni NATO, anaweka risasi ya milimita 51 kwenye chemba ya 63, ganda linaweza kupasuka na gesi ikatafuta njia ya kutokea, na wewe uso wako upo hapohapo. Muhuri hausomwi peke yake.

Kwa hiyo yangu niliipeleka kwa fundi bunduki kabla ya risasi hata moja, hasa kwa vile namba ya bolti haifanani na ya risiva, na kwa hizi za Israeli hilo ni kawaida. Alimimina chembani ile metali inayoyeyuka kwa joto dogo, ikaganda, akaitoa na kuipima, halafu akapitisha geji, vile vipimo vya chuma vya urefu wa chemba. Bolti ilifunga kwenye geji ya kwanza na ikagoma kwenye ile ya kukataa, ndo inavyotakiwa. Alinieleza pia kwamba chemba za kijeshi huachwa ndefu kidogo kuliko za .308, pacha wa kiraia wa 7.62x51, na maganda ya kijeshi huwa manene zaidi, kwa hiyo kaa kwenye 7.62 ya kijeshi au .308 ya kawaida isiyo na makeke. Mchelewaji kupita maelezo huyo fundi, simu hapokei, ila kazi yake sina neno.

Kupiga sasa. Bamba la chuma kwenye kitako linakukumbusha kwamba bunduki hii haikutengenezewa starehe, bega linajua. Triga ina hatua mbili, ya kwanza laini, ya pili inakatika safi. Kilengeo kinaanzia mita 100 na kwa hapo yangu inapiga juu, unajifunza kulenga chini ya shabaha. Faida kubwa ni usafi, 8mm nyingi za masalia ya jeshi zina praima (kiwashio cha nyuma ya ganda) za chumvi zinazokula mtutu, unatoka kupiga unaanza kuchemsha maji ya kuusuuza, wakati 7.62 za sasa unapangusa kwa mafuta, basi, umemaliza.

Leseni nayo, kama yako inaandikwa kaliba hakikisha imeandikwa 7.62x51 na sio ile ya asili.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kilengeo.