Hanna HI772: kipima KH cha tangi la matumbawe lenye umri, na pale kinapodanganya

Ndani ya boksi mna kipima chenyewe, vichupa viwili vya kioo na vifuniko vyake, kitendanishi cha kuanzia (dawa ya maji inayotia sampuli rangi), bomba (sirinji) la mililita 1 lenye ncha ya plastiki, na betri moja ya AAA. Kipima kinaenea kiganjani, uzito wake gramu 64, kitufe ni kimoja tu. Kazi yake ni kupiga mwanga wa nanomita 610 kupitia maji yaliyotiwa rangi, kupima ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa, kisha kutoa jibu la alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi (watu wa matangi husema KH), kwa kizio cha dKH (nyuzi za KH), kuanzia 0 hadi 20, kwa hatua za 0.1.

Tuseme mapema: mwenye tangi la miezi minne, lenye matumbawe laini na samaki wawili, hakihitaji. Maji anayobadilisha kila wiki mbili yanamrudishia KH yote iliyotumika, na kiti ya matone (seti ya kupimia kwa kudondosha dawa hadi rangi igeuke) inamtosha. Kipima hiki kinaanza kulipa pale matumbawe magumu yanapokuwa yamejaa mwambani na mwani wa waridi wenye chokaa umefunika kioo cha nyuma. Tangi la namna hiyo hula KH kila siku, na mlo huongezeka kila mwezi kwa sababu matawi yanaongezeka. Dozi iliyofaa mwaka jana haifai mwaka huu.

Kwa nini KH, si kalisi? Kila dKH 2.8 inayogeuka mifupa ya matumbawe huondoka na kalisi ppm 20 tu (ppm ni sehemu kwa milioni). Kalisi ikishuka kutoka 420 hadi 400, huenda hata kiti yako isione. KH iliyofuatana nayo imeshatoka 8 hadi 5.2, na hapo ukuaji wa matumbawe umepungua. Ndiyo maana KH hupimwa mara mbili tatu kwa wiki, na kalisi mara moja kila wiki mbili.

Kupima kwenyewe ni hivi. Jaza kichupa maji ya tangi hadi alama ya mililita 10, funika, futa kioo, washa kipima. Skrini ikionyesha "C.1", ingiza kichupa, funga mfuniko wa kipima, bonyeza. Ikionyesha "C.2", toa kichupa, tia mililita 1 ya kitendanishi, funika, pindua taratibu mara 5, rudisha, bonyeza. Basi. Rangi huwa ya manjano KH ikiwa chini, hupita kijani, na kuelekea buluu KH ikipanda. Vuta kitendanishi kwenye bomba kabla hujawasha, maana kipima hujizima chenyewe baada ya dakika chache ukikiacha kinasubiri, na itabidi uanze tena na C.1.

Sasa makosa, kwa kuwa karibu kila lawama inayotupiwa kifaa hiki inaanzia mkononi.

La kwanza ni bomba. Ukivuta kitendanishi utaona hewa kati ya mpira na kimiminika. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya ncha, haina ubaya. Unachosoma ni ukingo wa chini wa mpira kwenye alama ya 1.0, si usawa wa kimiminika. Anayeifukuza hewa kisha akaongeza kitendanishi hadi kifike alama, amezidisha dozi. Kosa la mililita 0.1 hapa ni sehemu ya kumi ya dozi nzima, na kitendanishi hicho ndicho kinachobeba asidi na rangi kwa pamoja. Hakikisha pia ncha imekaza; ikilegea inavuta hewa na kudondosha tone mezani.

La pili ni alama ya mililita 10. Maji ndani ya kioo hujipinda kama bakuli, na panaposomwa ni chini ya bakuli, jicho likiwa usawa wa alama, kichupa kikiwa mezani wala si mkononi. Dawa rahisi ni bomba la mililita 10 kutoka duka la dawa: unavuta 10 kamili, unamimina, na kipimo kinafanana leo na mwezi ujao.

La tatu ni viputo. Ukitikisa kichupa kama chupa ya dawa ya kikohozi, viputo vidogo hung'ang'ania kioo, vinatawanya mwanga, na kipima kinadhani rangi imekolea. Jibu linapanda. Pindua tu, kisha gonga kichupa kidogo kwa kidole hadi viputo vipande juu.

Kioo chenyewe nacho ni sehemu ya kipimo. Alama ya kidole, chumvi iliyokauka, au mkwaruzo vinakula mwanga. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kichupa kiingie kikiangalia upande uleule kwa C.1 na C.2, alama ya mililita 10 ikikuangalia wewe kila mara, na kiwe kichupa kilekile kimoja kwa hatua zote mbili. Pwani kuna jambo moja zaidi: ukitoka na kichupa kwenye chumba cha kiyoyozi ukakileta sebuleni, ukungu unashika nje ya kioo papo hapo. Kiache dakika chache kishike joto la chumba, futa, ndipo upime.

Baada ya kupima, mwaga na suuza kwa maji ya RODI (yaliyochujwa hadi yakabaki bila madini) mara tatu, kisha kabla ya kipimo kijacho suuza mara mbili kwa maji ya tangi lenyewe. Mabaki ya kitendanishi ni asidi, yatashusha kipimo kinachofuata. Mabaki ya maji ya RODI nayo yanazimua sampuli. Watu wengi husuuza mara moja chini ya bomba la jikoni, halafu wanashangaa KH inacheza.

Tukija kwenye usahihi, soma kijitabu cha maelezo kwa makini kuliko skrini. Kampuni yenyewe inaandika ±0.3 dKH, kisha ±5% ya jibu juu yake. Kwa jibu la 8.0 hiyo ni ±0.7, yaani ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7. Nukta moja ya desimali kwenye skrini isikufanye uanze kukimbiza 0.1. Nguvu ya kifaa iko kwingine: ukipima vizuri, kwa chupa ileile ya kitendanishi, kinakosea upande uleule kila siku. Kwa hiyo tofauti kati ya Jumatatu na Alhamisi unaweza kuiamini zaidi kuliko namba ya Jumatatu peke yake. Hapo ndipo kinapoishinda kiti ya matone, ambayo jicho lako linaamua rangi imegeuka lini, na jicho la usiku chini ya taa za buluu za tangi si la kuaminiwa.

Kwa sababu hiyo usitupe chupa ya kitendanishi ikiwa imebaki kidogo. Bakiza vipimo viwili. Ukifungua mpya, pima sampuli moja kwa zote mbili, andika tofauti. Ya zamani ikisema 8.1 na mpya 8.5, tangi halijapanda, umebadilisha chupa. Kuna matangi yameumizwa na mwenyewe aliyepunguza dozi siku aliyofungua kitendanishi kipya. Na mara moja kwa mwezi linganisha na kiti ya matone ya Salifert: mililita 4 za maji, matone ya kiashiria, kisha dondosha hadi rangi itoke kijani-buluu kwenda waridi. Vikipishana kwa 0.5 endelea na kazi zako. Vikipishana kwa 1.5, anza kutafuta kosa, ukianzia kwenye bomba.

Kwenye tangi kongwe, matumizi bora ya HI772 ni kujua tangi linakula kiasi gani kwa siku. Simamisha dozi ya KH kwa saa 48, usibadilishe maji, pima mwanzo na mwisho saa ileile ya siku. Saa 24 hazitoshi, maana tofauti inakuwa ndogo karibu sawa na kosa la mkono. Tuseme imetoka 8.6 hadi 7.4: mlo ni 0.6 kwa siku. Kupandisha lita 100 za maji kwa dKH 1 kunataka gramu 3 za sodiamu baikaboneti. Tangi lenye lita 300 halisi, ukishaondoa mwamba na mchanga na kuongeza tangi la chini, litataka 3 × 3 × 0.6, yaani gramu 5.4 kwa siku. Ukiyeyusha gramu 80 kwenye lita moja ya maji ya RODI, hiyo ni kama mililita 68, zigawanywe mara kadhaa mchana na usiku, ziingie mahali penye mkondo mkali, mbali na saa ya dozi ya kalisi. Vikikutana vikiwa vizito, utaona unga mweupe na hela yako chini ya tangi.

Baikaboneti inashusha pH kidogo. Anayetaka kuipandisha huichoma kwenye oveni, nyuzi 200 kwa saa moja. Gramu 100 zinabaki kama 63, na dozi inashuka hadi gramu 1.9 kwa lita 100 kwa dKH 1. Bekingi pauda haifai kabisa, ina asidi na wanga ndani. Na magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage? Ni kweli yana kabonati, lakini yanatoka maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi na Natron yakiwa na floridi na udongo wake. Yaache kwenye sufuria.

Kama umekuta KH iko chini sana, usiirudishe kwa siku moja. Isizidi dKH 1 kwa siku, na nusu yake ni bora. Lengo lenyewe lisikusumbue: 7 hadi 9 ni sawa, mradi isimame hapo. Kwenye maji yaliyosafishwa sana, yenye naitreti na fosfeti karibu na sifuri, KH ya 11 huchoma ncha za matumbawe ya matawi zikawa nyeupe. Baadhi ya chumvi za kuchanganyia maji ya tangi huja na KH ya juu namna hiyo tayari. Red Sea Coral Pro huchanganywa ikatoka karibu 12. Ukibadilisha 10% ya maji kwenye tangi lenye KH ya 8, umepandisha 0.4, ukibadilisha 20%, 0.8. Pima maji mapya kabla hayajaingia. Kipima kipo, dakika mbili tu.

Wanaochota maji ya bahari yenyewe, Dar es Salaam au Mombasa, watakuta kati ya 6.5 na 7 yakiwa na chumvi kamili ya 35 (sehemu kwa elfu). Wakati wa masika, karibu na mito, chumvi inashuka na KH inashuka nayo, kwa hiyo pima chumvi kwanza. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na ufuo. Maji ya jirani na Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hayafai hata kama KH yake inapendeza.

Kuna jibu moja ambalo kipima hukupa bila kusema: KH inayoshuka haraka kuliko matumbawe yanavyokua. Umeongeza dozi mara tatu, matawi hayajaongezeka, namba bado inadondoka. Fungua pampu na hita. Ukikuta gamba jeupe, chokaa inaganda yenyewe majini, na mara nyingi ni magnesi iliyoshuka chini ya ppm 1250 au dozi inayoingia kwa pupa. Irudishe magnesi kwenye 1300 hadi 1350 kabla ya kugusa tena dozi ya KH.

Kuhusu fedha, kipima unanunua mara moja. Kinachokurudisha dukani ni kitendanishi. Chupa moja ni vipimo 25. Ukipima mara mbili kwa wiki inakaa miezi mitatu hivi, ukipima kila siku haifiki mwezi. Kiti ya Salifert inatoa vipimo vingi zaidi kwa chupa. Kwa anayeishi mbali na maduka ya vifaa vya matangi, agiza chupa mbili kwa mpigo lakini si tano, maana zina tarehe ya mwisho, na joto la ghala na jua la dirishani haviziachi salama. Soma tarehe kabla ya kulipa.

Soma na namba, kwa sababu zinafanana mno. HI772 ndiyo hii ya dKH, chupa yake ni HI772-26. HI755 ni ya ppm, maji ya bahari vilevile. HI775 ni ya maji baridi, na haina kazi kwenye tangi la matumbawe.