Siku tatu katika nyumba ya mafungo, baada ya msimu wa korosho

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Mtama, mkoani Lindi, na anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa kelele ni nini. Tangu mnada wa kwanza wa Oktoba hadi gunia la mwisho litoke ghalani, simu yangu hulia kabla ya alfajiri, na swali ni lile lile: “Karani, pesa imeingia?” Msimu uliopita nilifika mahali pa kuanza Baba Yetu kitandani na kujikuta katikati yake nikijumlisha kilo. Ndiyo maana mwezi wa Februari, kabla ya Kwaresima, niliomba ruhusa ya siku nne nikaenda kwenye nyumba ya mafungo ya masista, mahali pa kukaa kimya na kusali, iliyo upande wa Masasi, chini ya miteremko ya uwanda wa juu wa Makonde. Jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe waliniomba nisiwatangaze. Anayeihitaji aulize parokiani kwake, ataelekezwa.

Baada ya “Tumsifu Yesu Kristo” na glasi ya maji, sista mhudumu wa wageni alinipa ufunguo uliofungiwa kipande cha mti, kisha akafungua kifuko cha kitenge chenye kamba. Nilidhani ni zawadi. “Cha simu, baba,” alisema, “utaikuta siku ya kuondoka.” Nilianza kumweleza habari za malipo ya wakulima ambayo hayajakamilika, naye hakubishana wala hakukubali, bali alisimama tu ameshika kifuko kikiwa wazi mpaka nilipoitumbukiza. Mapokezi hayo nayapa alama zote.

Chumba kilikuwa safi, chenye chandarua kisicho na tundu, meza, kiti na ndoo ya maji. Changu kilielekea barabarani, na malori ya usiku yalinikumbusha ghala. Atakayekwenda aombe vyumba vya nyuma.

Sehemu ya huduma hii iliyonigusa kuliko nilivyotarajia ni mezani. Watu saba tulikula ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na samaki bila kusema neno, na mlo wa kwanza ulikuwa mateso, kwa sababu mtu husikia vijiko, husikia jirani akitafuna, na hujisikia mwenyewe. Kisamvu kilipungukiwa chumvi kidogo. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuiomba chumvi pasipo sauti, mzee aliyekaa mkabala nami akakisogeza kibakuli hadi kwenye sahani yangu bila kuinua uso. Sista alinieleza baadaye kwamba desturi hiyo ni ya kale sana. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliofungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, wakaziona zote mbili zikiteketea katika Vita vya Majimaji mwaka 1905 na kuanza upya Ndanda mwaka 1906, walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, ambayo neno lake la kwanza ni “Sikiliza”. Sura yake ya 38 inaagiza kwamba mezani watu wahudumiane kiasi kwamba pasiwe na haja ya yeyote kuomba kitu. Kumbe ukimya ule haukuwa wa kumfungia mtu ndani ya nafsi yake, kama nilivyoogopa, maana asiyesema hulazimika kumtazama mwenziwe.

Ratiba ni Masifu ya Asubuhi, Misa, Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala. Muda uliobaki ni wako. Mahubiri ya ufunguzi yaliyohusu ukimya yalikuwa marefu mno, jambo ambalo hata masista, naamini, waliliona.

Nisiwadanganye kuhusu siku ya pili. Kelele za nje zilipokoma ndipo zangu zilipoanza, na nilikaa kikanisani asubuhi nzima nikigombana kichwani na msimamizi wa ghala. Mchana mvua ilipiga mabati kwa nguvu kiasi cha kufuta hata mawazo. Ilipokatika, nilijikuta nimekaa bila kuomba chochote na bila haraka ya kuondoka, nikiwa na hakika tulivu kwamba sikuwa peke yangu pale, na kwamba Aliyekuwapo hakuwa amefika wakati ule. Kisha akanijia akilini mama mmoja mkulima aliyefika ofisini mara tatu kuulizia upungufu katika stakabadhi yake, nami mara zote tatu nilimjibu nikiwa naandika. Uso wake sikuweza kuukumbuka. Nilikumbuka kanga yake tu.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu kwenda kwa usiku mmoja, maana ataondoka na kelele zake zikiwa ndiyo kwanza zimepamba moto. Jirani yangu mwenye duka, ambaye kila Ramadhani hukaa itikafu msikitini siku kumi za mwisho, alinicheka niliposimulia: “Siku tatu tu, karani?” Sikuwa na jibu.

Lawama yangu kubwa ni bahasha. Nyumba haina bei; siku ya kuondoka unakabidhiwa bahasha uweke ulichojaliwa, na mtu aliyezoea risiti kama mimi huhangaika kupima kiasi cha haki. Wangetaja walau gharama za chakula, wasio na uwezo wakasamehewa kimyakimya.

Sista alinirudishia kifuko kama nilivyokiacha, kamba ikiwa na fundo lile lile. Basi lilipita Nyangao simu ikiwa bado imezimwa, na niliposhuka Mtama nilimuuliza kijana wa bodaboda kama anapajua kwa yule mama.