Base ya kuchezea gemu za PlayStation (PS) pale Section 58 Nakuru: bei poa, pedi za kuchezea poa, lakini ile skrini ya mlangoni jameni

Nianze na bei, kwa sababu najua ndio mnatafuta. Mechi moja ya FIFA, ile gemu ya mpira, ni 20 bob, saa nzima 100, na kabla ya saa sita mchana jamaa anakuongezea dakika kadhaa bila kuombwa. Skrini ni nne, moja ndio PS5 na hiyo lazima upange laini. Kitu nilipenda sana ni stima ikipotea: mwenyewe anatoa daftari, anaandika dakika zako zilizobaki, unakuja kumalizia siku ingine. Base zingine hapa town stima ikienda na pesa yako imeenda.

Pedi ni nzima isipokuwa ile ya skrini ya katikati, analogi, kile kijiti cha kuelekeza mchezaji, inajivuta kushoto yenyewe, straika wako anakimbilia kona hata hujamtuma. Ukipewa hiyo kataa.

Sasa tuje kwa GTA, ile gemu ya kuiba magari na kuua watu. Skrini yake iko hapo mlangoni, kila mtoto anayetumwa mkate lazima asimame. Nilikuta kijana na yunifomu ya praimari, sweta amefunga kiunoni, anarudisha gari rivasi juu ya mtu ameshamgonga tayari, nyuma yake watoto wadogo kumliko wanapiga kelele mmalize mmalize. Mama mmoja anauza mandazi hapo nje akaniambia hii ndio inatutengenezea majambazi.

Mimi hapo kwa majambazi sikubaliani naye, na nimesoma kiasi juu ya hii maneno kwa sababu mtoto wa dada yangu ndiye huniburuta huko. Oxford walichapisha utafiti 2019, vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, hawakuona gemu za kupigana na kuua zikiwafanya wakali zaidi. Na chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilisema 2020 kwamba ushahidi hautoshi kulaumu gemu kwa mauaji na uhalifu, ila uhusiano mdogo upo na vitu kama kufokeana na kusukumana. Kufokeana hata sibishi. Huyu mtoto wa dada yangu akitoka hapo, mama yake akimuuliza kitu anajibiwa kwa mkato mpaka chakula cha jioni kiishe.

Lakini ngoja, vita pekee nimeona ndani ya hiyo base ililetwa na FIFA, ambayo kwa kasha imeandikwa inafaa kuanzia miaka 3! Pale sheria ni aliyefungwa ndiye analipa. Mechi iko 2-2, dakika za mwisho, penalti, mmoja akafungwa, pedi ikarushwa, wakashikana kola mpaka mwenye base akaruka kaunta. Wale wa GTA walikuwa wanacheka tu.

Na kuna watafiti wa Kanada walichapisha kitu kama hicho 2011, walichezesha watu gemu halafu wakawaambia watengeneze sosi ya pilipili ya mtu mwingine ambaye hapendi ukali. Waliocheza gemu za kushindana, Mortal Kombat na ya mbio za magari, ndio walimwagia mwenzao pilipili kushinda wale waliocheza ya kuua mazombi kwa kusaidiana. Yaani ushindani ndio ulileta moto kuliko damu. Sasa weka juu yake 20 bob ya mtoto ambaye hana nauli ya kurudi nyumbani.

Hiyo haimaanishi GTA V ni ya darasa la tano. Ilitoka 2013, Ulaya wameipa miaka 18 kwenda juu, Marekani 17, na kuna misheni ndani ambapo unamtesa mtu na wewe mwenyewe ndiye unachagua kifaa cha kumtesea. Sihitaji profesa aniambie mtoto wa miaka kumi asikae hapo. Nilimwambia mwenye base ageuze hiyo skrini iangalie ukuta, akanijibu, "Boss, nikiwafukuza hawa wanavuka barabara tu." Hapo ana ukweli nusu, lakini kugeuza TV si kufukuza mtu. Nilipita juzi, bado iko palepale.

Nampa nyota tatu na nusu. Angeondoa hiyo sheria ya aliyefungwa analipa kwa watoto, kila mtu alipe nusu yake, ningempa nne na nusu.

Kama unapeleka mtoto mpeleke asubuhi, Jumapili mchana usijaribu, wamejaa vijana wakubwa wa kubeti na huwezi hata kupata kiti. Omba skrini ya dirishani, iko mbali na mlango na ina pedi mbili mpya. Beba chenji pia, mambo ya M-Pesa huyo jamaa hataki kusikia.