Kulabu za kuvutia kwenye Hilux: usiangalie unene wa chuma, angalia kimeshikaje

Wadau wenye pikapu, hasa nyie mnaoingia mashambani masika, leo nazungumzia kulabu za kuvutia gari likikwama. Naona mtu anatoa hela ndefu kwa tairi za matope, ananyanyua gari, anafunga bampa la chuma, halafu pale pa kufungia mkanda kaacha kale kapete kembamba kalikokuja na gari toka kiwandani. Kale kapete chini ya pua, kwenye Hilux na pikapu nyingi tu, kamewekwa ili gari lifungwe lisitembee likiwa melini, au sana sana livutwe taratibu kwenye lami. Hakakuwekwa kwa ajili ya tope la mbuga, gari limelalia tumbo, huku mwenzako anaondoka kwa kasi na mkanda unaonyumbuka. Hapo nguvu inayopita inaweza kuzidi uzito wa gari lenyewe, na Hilux double cabin ikijazwa mzigo mpaka mwisho wake inacheza kwenye tani 3.

Yangu ni Hilux Revo, na nimefunga kulabu mbili za mbele za Australia zilizotengenezwa kwa chasisi ya Revo hiyohiyo, siyo zile za "inaingia gari zote". Nimezitumia bonde la Kilombero wakati wa mvua, kuvutwa na kuvuta wengine, na naziamini. Ukizishika mkononi utaona ni bamba nene lenye tundu la sheko (kile chuma cha umbo la U chenye pini, kinachounganisha mkanda na kulabu), lakini kilichonifanya nizinunue ni bolti. Kila kulabu ina bolti kadhaa, zinaingia kwenye matundu ambayo chasisi ilishakuja nayo, na kichwani zimeandikwa 10.9. Hiyo namba ni daraja la uimara wa bolti, ndo ya kutafuta. Za 8.8 ni bolti nzuri kwa kazi nyingi ila siyo mbadala kama mtengenezaji kasema 10.9, na bolti isiyo na namba kabisa kwa kazi hii mimi siigusi. Baada ya kukaza kwa spana ya kipimo nilichora mstari wa rangi nyeupe toka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Kila nikitoka topeni nainama na tochi, mstari ukiwa umenyooka najua nati haijazunguka. Mpaka sasa umenyooka.

Sasa za mtaani. Mafundi wetu wanajua chuma, hilo sibishani na mtu, lakini nondo iliyokunjwa ikachomelewa kwenye bampa ni hatari hata ingekuwa nene kama mkono, kwa sababu bampa lenyewe limeshikwa na bolti ambazo hazikuwekwa kubeba gari zima. Nondo haitakatika, litang'oka bampa. Na kuchomelea kwenye chasisi moja kwa moja nako sipendi, moto unabadilisha chuma pale pembeni ya weldi na huwezi kuona kwa macho kama imeshika ndani au imepakwa juu tu. Jamani, kipande kikichomoka kinafuata mkanda kama risasi, kinapita kioo cha mbele, na nyuma ya kioo kuna dereva.

Kwenye namba ndo watu wanapigwa sana. Kuna mzigo wa kufanyia kazi, ule unaoandikwa WLL, na kuna mzigo wa kukatika, ambao ni mkubwa mara kadhaa. Muuzaji atakutajia ule mkubwa kwa sauti, we muulize WLL. Sheko ninayotumia ni ya tani 4.75, mwili wake una unene wa milimita 19, na namba imechongwa kwenye chuma chenyewe, haijapakwa rangi wala haijabandikwa stika. Ukizunguka Kariakoo utakuta zinazofanana nayo kabisa kwa bei ya chee lakini chuma chake kitupu, hakuna hata herufi moja. Hizo fungia geti. Mkanda nao unaendana na gari: kampuni ya ARB kwa mfano wana wa kilo 8,000 wenye urefu wa mita 9, kwa Hilux unatosha, huna haja ya kwenda wa 11,000 kwa sababu ukiwa mgumu kupita uzito wa gari hautanyumbuka vizuri na mshtuko wote unarudi kwenye kulabu.

Nyuma ni rahisi zaidi. Kama una bomba la kuvutia trela la mraba wa milimita 50 lililofungwa kwenye chasisi, nunua kile kipande cha chuma kinachoingia mle ndani chenye sheko mbele, kinashikwa na pini ya milimita 16 na kazi imeisha. Ila kile kirungu cha kufungia trela msikiguse kabisa! Australia kimeshaua watu, mkanda unafungwa pale, shingo inakatika, kirungu kinaruka. Yaani hili nikikuta mtu anafanya huwa nasimamisha zoezi zima hata kama simjui.

Kwa nini mbili mbele na siyo moja? Kwa sababu unapitisha mkanda mfupi kwenye zote mbili na mzigo unagawanyika pande zote za chasisi. Lakini mkanda huo usiwe mfupi sana. Pembe pale katikati ikiwa nyuzi 60 kila upande unabeba kama asilimia 58, ikifunguka mpaka 120 kila upande unabeba mzigo wote kamili, kwa hiyo umefunga mbili na hujapunguza kitu.

Kabla hujalipa, mtajie muuzaji mwaka wa gari na kama una bampa la chuma, maana kulabu nyingine zinagongana nalo na fundi ataanza kukata. Zangu ziliingia bila kukatwa chochote. Kasoro yake ni bei, kwa kweli zinauma, na moja inaning'inia chini kidogo kuliko ningependa, kwenye tuta refu inakwangua. Kama hela haitoshi zote kwa mpigo anza na kipande cha nyuma na sheko yenye namba, za mbele ufunge kabla masika hayajaanza.